Leo Napika Mimi: Mwongozo wa Samaki wa Nazi kwa Mabwana wa Ng'ambo

Kila bwana wa Likoni, Kisauni na Changamwe ana siku yake moja katika mwaka ya kutangaza kwamba leo jikoni anaingia yeye. Siku hiyo haiko kwenye kalenda. Huenda ikawa Ijumaa ya mwisho wa mwezi, mshahara ungali na joto mfukoni. Huenda ikawa siku ya pili baada ya ugomvi mdogo unaotaka suluhu isiyo na maneno mengi. Mara nyingi, hata hivyo, ni kwa sababu ameona kwenye simu Mzungu mwenye aproni safi akipika samaki mweupe kwa krimu, dakika ishirini mwanzo hadi mwisho, akajisemea moyoni: kumbe ndilo hilo tu?

Ndilo hilo tu. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako, bwana unayetaka sifa zote za mpishi bila kusumbuliwa na upishi. Unafuata kanuni moja ambayo wanawake wa Pwani wanaijua tangu zamani, ila hawajaona haja ya kukutajia: kwa samaki wa nazi, sifa hazimfuati aliyepara, wala aliyekuna, wala aliyekamua. Humfuata aliyeshika upawa wakati tui zito linapoingia sufuriani. Kazi yako ni moja tu, kuhakikisha kwamba dakika hiyo umesimama wewe.

Kwanza, habari ya krimu

Yule mpishi wa kwenye simu alitumia cod, krimu ya maziwa ya ng'ombe na divai nyeupe. Divai tuiache huko huko. Cod ni samaki wa Atlantiki ya Kaskazini ambaye mafuta yake huyaweka kwenye ini; ndiyo sababu nyama yake nyeupe ni kavu, na ndiyo sababu Mzungu humsaidia kwa krimu. Ini lenyewe unalijua. Ndilo lililotoa yale mafuta uliyonyweshwa kwa kijiko utotoni huku umeshikwa pua.

Kwetu, samaki wa nyama nyeupe ni changu, tewa na kolekole, na krimu yetu haikamuliwi zizini. Iko juu ya mnazi. Ukienda dukani Mtopanga ukaulizia krimu ya kupaka samaki, mwenye duka atakuletea kopo la mafuta ya ngozi, na akiwa mtu mwenye adabu atakuuliza kama ngozi ya huyo samaki wako ni kavu au ya mafuta.

Mahitaji (kwa watu sita)

– Samaki wa nyama nyeupe, kilo 1 na nusu, wazima, vichwa vikiwapo. Nyumba isiyogombania kichwa cha samaki haijapika samaki.

– Nazi 2 kubwa za mchuzi. Za wali utazikumbuka saa moja na nusu usiku.

– Tungule 3, vitunguu maji 2, thomu punje 6, tangawizi kipande cha kidole gumba, pilipili mbuzi 2, dania fungu moja.

– Bizari ya manjano, kijiko 1 cha chai. Ukizidisha, vidole vyako vitatoa ushahidi kazini hadi Jumatatu.

– Ukwaju wa kujaa kiganja, uliolowekwa kwa maji moto robo saa, na ndimu 2.

– Chumvi. Iko pale inapokaa siku zote. Utaiulizia hata hivyo.

– Mtoto wa kutumwa, 1 kwa uchache. Wawili ni bora, maana wa pili atakwenda kurudisha alicholeta wa kwanza.

– Mke, mama, dada au shemeji, 1, atakayekaa jikoni "kukuangalia tu". Bila kiungo hiki usiwashe moto.

Hatua ya 1: Tangaza

Tuma ujumbe kabla ya Alasiri: "Leo msipike, napika mimi." Usitume mapema sana, watu wasije wakakuuliza maswali, usichelewe sana, watu wasije wakawa wameshakula. Ujumbe huu ukifika, jikoni kunasimama kazi, jirani anajikaribisha, na mama watoto anaepua maharagwe na kuyaweka pembeni. Angalia vizuri: anayaweka pembeni, hayamwagi. Hajadharau upishi wako. Amekaa nawe miaka.

Hatua ya 2: Mtafute samaki

Kabla hujashika pesa, shika habari za upepo. Wakati wa kaskazi, kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi, bahari hutulia, wavuvi kutoka Pemba huvuka mpaka na kupiga dago kwenye pwani ya Kenya, na samaki huwa wengi hata mwenye mfuko mwembamba akajiona tajiri. Wakati wa kusi, tangu Aprili hadi Septemba hivi, mawimbi huwa makali, vyombo vidogo havithubutu kuvuka mwamba, na changu mmoja huuzwa kwa bei ya ukoo mzima. Ikiwa umetangaza kusi imepamba moto, kosa si la bahari.

Aliye Kisauni ana Soko la Kongowea, ambako utapata kila kitu cha kwenye orodha isipokuwa mahali pa kusimama. Aliye Likoni ana wachuuzi wa karibu na feri. Aliye Changamwe atapata samaki Magongo, na akiwa na bahati atampata kabla vumbi la malori ya bandarini halijamtia viungo.

Lakini wewe, kwa sababu unataka sifa, utanunua kisiwani, ili usimulie safari. Basi jua unavyorudi. Kwa Likoni, mfereji una upana wa mita 500 hivi, na feri haimtozi mtu anayetembea kwa miguu. Hiyo ndiyo sehemu pekee ya mlo huu utakayopata bure. Mfuko wa samaki ni kibali cha heshima mle ndani. Umati ule usiompisha mjamzito utakupisha wewe, hasa jua likiwa kali na mfuko ukivuja. Ukipenda, jisifie daraja la kuelea la Liwatoni lililoanza kutumiwa 2021. Watu wa Kisauni watakucheka, kwa kuwa wao walivuka kwa daraja la kuelea tangu 1931 hadi walipojengewa hili la Nyali la 1980. Kila ng'ambo na zamu yake. Wa Changamwe hawana la kuelea wala la kuzama. Wana foleni ya malori, na samaki atakayefika nyumbani akiwa mbichi baada ya foleni hiyo ni samaki mwenye subira.

Dalili za samaki mzuri ni hizi: macho yamejaa na yanang'aa, matamvua ni mekundu, si ya kahawia, ukimbonyeza, nyama inarudi, harufu yake ni ya bahari, haijawa ya samaki. Zikariri, kisha uende ukazisahau mbele ya mchuuzi.

"Masalkheri, mama."

"Masalkheri, mwanangu. Karibu changu. Wa leo hawa."

"Wa leo saa ngapi?"

"Mwanangu, nauza samaki, siuzi saa. Umetumwa ama umejituma?"

"Nimejituma. Leo napika mimi."

"Ewallah!" atasema, na hapo hapo bei itapanda. Usimlaumu. Aliyetumwa na mkewe amepewa bei ya mwisho kutoka nyumbani na anaogopa kurudi na hadithi. Aliyejituma ana pesa na hana hofu, na biashara haijawahi kupata mteja bora kuliko huyo.

Onyo juu ya tafi: ni samaki mtamu mno kwa nazi, na bei yake huwa na huruma. Lakini miiba yake ya mgongoni ina sumu inayochoma hata akiwa ameshakufa. Ikikupata, kidole kitavimba, utapiga kelele, na usiku mzima wageni watakuwa wakiuliza habari za kidole badala ya habari za mchuzi. Kama lengo ni sifa, chukua changu.

Vilevile usimlete yule wa friza aliyesafiri kutoka Uchina. Huyo ni tilapia, mtu wa maji baridi. Kwenye tui ataingia, ila atakaa mle ndani akisubiri meli ya kurudi.

Hatua ya 3: Aparwe

Kupara samaki ni kuondoa magamba kwa kisu kuanzia mkiani kuelekea kichwani, kutoa matamvua na utumbo bila kupasua nyongo, kisha kumchanja mara tatu kila ubavu ili viungo viingie hadi mfupani. Mwongozo unakueleza haya ili uweze kuyasimulia. Mwenye kuyafanya ni yule mama wa sokoni, kwa shilingi chache, huku akizungumza na wateja wengine wawili na kumzuia paka kwa mguu. Utashika pua na kusema, "Mchanje vizuri, mama." Hapo umeshashiriki.

Ukifika nyumbani, mpake samaki chumvi, ndimu, thomu na tangawizi zilizopondwa, na nusu ya bizari. Muache nusu saa. Hii ni kazi halisi na inafaa uifanye mwenyewe, kwa sababu mikono itakayonuka thomu ndiyo itakayoaminiwa baadaye.

Hatua ya 4: Nazi

Hapa ndipo mabwana wengi hufia, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Nazi huchaguliwa kwa sikio. Itikise, usiposikia maji, irudishe. Yatazame macho yake matatu. Yakiwa na ukungu, irudishe. Kisha huvunjwa kwa mgongo wa panga: unaishika kiganjani, unagonga katikati, unaizungusha kidogo, unagonga tena, hadi ipasuke pande mbili na maji yateremke kwenye kikombe kilichotegwa chini. Wewe utaigonga sakafuni. Maji yatakwenda chini ya friji na kukaa huko hadi sisimizi wayatangaze.

Sasa mbuzi. Hatuzungumzii yule wa Idd. Huyu ni kigoda cha kukunja chenye ulimi wa chuma wenye meno, na hukaliwa, hakichinjwi. Kaa juu yake. Weka sinia chini ya ulimi. Shika kipande cha nazi kwa mikono miwili, anza kukuna. Mpe mtoto simu akupige picha, na hakikisha picha imepigwa katika dakika ya kwanza, maana katika dakika ya pili yatatokea mambo matatu: mgongo utalalamika, kidole kitaguswa na meno ya chuma, na ndani ya sinia kutaonekana vipande vyenye ukubwa wa kucha, vingine vikiwa kucha.

Toa sauti. Si ya juu sana, ya mtu anayejikaza. Kutoka mlangoni utasikia maneno mawili ambayo mwongozo huu wote umeyajenga: "Hebu toka."

Toka upesi, asije akabadilisha nia.

Lakini usiende sebuleni. Simama umtazame, kwa sababu hili halimo kwenye simu. Amekaza leso, amekaa, na hatazami nazi kabisa. Anamtazama mtoto anayefanya hesabu mezani. Mikono inavuta na kuzungusha, inavuta na kuzungusha, kipande hakikai pahali pamoja zaidi ya mkuno mmoja. Nazi iliyokunwa inaanguka laini, nyeupe, haina hata punje moja ya kahawia. Anajuaje pa kuishia? Anasikia. Nyama nene hutoa sauti laini. Ikikaribia kifuu, sauti hukwaruza kidogo, naye huwa ameshazungusha kabla wewe hujaisikia. Ile ngozi ya kahawia iliyogusana na kifuu ikikunwa, tui huwa la kijivu na lina uchungu kwa mbali. Nazi mbili zinaisha huku mtoto amesahihishwa hesabu ya tatu.

Siku hizi mashine za kukunia zipo sokoni, na wengine husaga nazi kwa blenda. Ni njia nzuri na hazina aibu. Ila hazitoi picha.

Kukamua ni hivi. Tia kikombe 1 cha maji ya vuguvugu kwenye nazi iliyokunwa, fikicha kwa mkono, kamua kwa kifumbu au chujio. Hilo ndilo tui la kwanza, zito. Liweke mbali na watoto, paka na shemeji. Tia vikombe 2 vya maji, fikicha, kamua tena: tui la pili, jepesi. Ukitaka, kamua la tatu la kupikia wali. Machicha yanayobaki ni ya kuku. Utashangaa kwamba hata kuku wana fungu kwenye mlo huu ilhali aliyekuna hajatajwa.

Hatua ya 5: Moto

Gesi ni safi na ya haraka. Serikali iliitoza kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16 tangu Julai 2021, ikaipunguza hadi asilimia 8 Julai 2022, na katika hali zote mbili mtungi uliendelea na tabia yake ya kuisha wageni wakiwa wameshavua viatu.

Kwa samaki huyu lakini unataka makaa, kwa sababu lazima abanikwe kwanza. Makaa nayo yana siasa zake. Katazo la kukata miti lililotangazwa Februari 2018 lilipandisha bei ya gunia upesi. Lilipoondolewa Julai 2023, bei hazikuwa na haraka hiyo. Nunua ya kopo. Washa mapema, na usianze kubanika makaa yakiwa na miali; subiri yavae majivu meupe. Kungoja huko ndiko utakakokufanya vizuri kuliko mtu mwingine yeyote nyumbani. Kaa kwenye kigoda, shika kipepeo, uulize chai.

Hatua ya 6: Mbanike, kisha tia tui

Mlaze samaki juu ya waya uliopakwa mafuta. Dakika 5 hadi 7 kila ubavu zinatosha kwa changu wa wastani. Mgeuze mara moja tu. Hamu ya kumgeuza geuza kila baada ya dakika moja ni hamu ya mtu anayetaka kuonekana ana kazi, na samaki hulipa kwa kuacha ngozi yake yote kwenye waya.

Kando, saga tungule, vitunguu, thomu, tangawizi na pilipili. Zipike na bizari iliyobaki na tui la pili, moto wa wastani, bila kifuniko, hadi zipungue na kuanza kushika mwiko. Tia maji ya ukwaju uliochujwa, kidogo kidogo, ukionja. Chumvi iko pale pale.

Sasa, bwana, nyoosha shati. Dakika yako imefika.

Punguza moto. Sema kwa sauti inayofika sebuleni, "Hebu niletee lile tui." Limimine polepole kwa mkono mmoja, na kwa mkono mwingine shika upawa, uteke mchuzi na kuumwaga, uteke na kuumwaga, bila kuacha, hata mtu akikuita, hata simu ikilia, hata Harambee Stars wakifunga bao. Tui ni mafuta na maji yaliyoshikanishwa na protini. Moto ukizidi, protini hukazana na kuyaachia mafuta. Mafuta yanapanda juu, chini kunabaki maji yenye madonge. Tui limekatika, na tui lililokatika halishoneki. Uchachu nao huliharakisha, ndiyo maana ukwaju ulitangulia na ukatiwa kwa kiasi. Likianza tu kuchemka kwa mbali na kuwa zito, inatosha. Mlaze samaki ndani, mmwagie mchuzi juu kwa upawa, dakika 3 au 4. Usimkoroge. Shika sufuria masikio yake mawili na uitikise.

Hapo mlango wa jikoni utajaa watu. Harufu ndiyo iliyowaita. Wamekukuta wewe, upawa mkononi, jasho usoni, na nyuma yako mtu anaosha mbuzi. Mwongozo umekufikisha ulikotaka.

Hatua ya 7: Wali

Umesahau wali.

Mtume mtoto nazi nyingine. Akirudi na nazi isiyo na maji, mtume wa pili akairudishe. Aliyesema "hebu toka" atakaa tena juu ya mbuzi; safari hii huna haja ya kutoa sauti. Mama watoto atasema maharagwe yapo. Usiyakubali mara ya kwanza.

Hatua ya 8: Pakua na upokee

Subiri watu watoke kuswali Isha. Tandika jamvi, weka sinia katikati, samaki juu, dania juu ya samaki, kachumbari pembeni. Kaa mahali unapoonekana na kila mtu na ule kidogo. Wapishi huwa hawali sana, wamechoka kwa kuonja.

Sifa zitakuja kwa mpangilio huu. Jirani atasema, "Kumbe bwana wewe ni hatari!" Shemeji atasema dada yake apumzike sasa, amepata wa kumsaidia. Watoto watauliza kama baba atapika na kesho. Zipokee zote kwa kichwa kilichoinama kidogo, na useme neno moja tu: "Kawaida."

Kuna hatari moja ambayo mwongozo hauwezi kukukinga nayo, nayo ni bibi. Kila familia ya ng'ambo ina mmoja. Amekaa kimya pembeni, hajasifu, hajalaumu. Atamega tonge, alichovye kwenye mchuzi, ainue mkono karibu na taa, autazame. Hatauliza nani amepika. Hilo ameshasikia mara saba tangu aingie. Atauliza hivi:

"Nani amekuna nazi hii?"

Kisha atangoja jibu, na jamvi zima litangoja naye. Kwa sababu bibi anajua jambo ambalo yule Mzungu wa kwenye simu hakulijua na wewe umelijua tangu jioni: mchuzi huu ulishaamuliwa juu ya mbuzi, na kilichofuata baada ya hapo ni kutouharibu. Tui jeupe kiasi kile halipikwi. Hukunwa.

Unaweza kujaribu kukohoa. Unaweza kujifanya umekabwa na mwiba, ingawa changu hana miiba ya kutosha kukuokoa. Jibu fupi zaidi ni jina la aliyekuna, na likitamkwa kwa sauti ile ile uliyoitumia kuitisha tui, litafika vizuri.

Maswali yanayoulizwa na mabwana

Je, naweza kutumia tui la boksi? Unaweza, hasa usiku wa manane au ukiwa umehamia Nairobi. Ukilitumia Kisauni, ficha boksi chini ya takataka nyingine.

Je, krimu ya maziwa kama ile ya kwenye simu? Krimu ikikutana na ukwaju hufanya madonge. Utakuwa umepika maziwa lala yenye miba.

Shemeji kutoka Kisumu amekuja Changamwe; atamla samaki wa nazi? Atamla, atamsifu, kisha atauliza ugali uko wapi. Msongee sima, usibishane naye. Yeye amekulia na ziwa zima nyuma ya nyumba, na hakuna hoja juu ya samaki utakayomshinda kwayo.

Tui limekatika mbele ya wageni. Nifanye nini? Sema ndivyo wanavyopika Lamu. Hakikisha kwanza hakuna mtu wa Lamu.

Nani ale kichwa? Aliyekuna.

Hatua ya 9: Sufuria

Miongozo yote ya mapishi, ya kwenye simu na ya vitabuni, huishia kwenye sahani. Hatua hii kwa hiyo haijapata kuandikwa kwa ajili ya mabwana, wala hakuna habari za kuaminika za bwana aliyeifikia. Sufuria ya samaki wa nazi ikilala, asubuhi mafuta yameganda, harufu imeingia hadi kwenye kabati la nguo, na paka wa mtaa mzima wamefanya mkutano dirishani. Lazima ioshwe usiku huu huu, pamoja na waya, upawa, chujio, masinia mawili, na kile kikombe kilichokuwa cha kutega maji ya nazi.

Maelekezo yake ndiyo mafupi kuliko yote: maji ya moto, sabuni, waya wa kusugulia. Leo unapika wewe. Kunja mikono ya shati.